Mtumbwi wa Ziwa Nyasa

Mtumbwi wa Ziwa Nyasa ni chombo cha majini kinachochongwa kutoka gogo moja la mti na kuendeshwa kwa kafi. Hutumiwa na wavuvi na wasafiri wa nchi zote tatu zinazopakana na ziwa hilo, yaani Tanzania, Malawi na Msumbiji. Kwa Kichewa huitwa bwato, neno lenye asili moja na ubwato la Kinyarwanda. Lugha nyingi za Kibantu zimelitunza jina hilo la zamani, ila Kiswahili kimechagua jingine.

Katika Mkoa wa Ruvuma mitumbwi huonekana kwenye ufuko wote kuanzia Lituhi, karibu na mdomo wa mto Ruhuhu, kupitia Liuli na Mbamba Bay hadi mpaka wa Msumbiji. Zamani ufuko huo ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012 kata za ziwani zilihamia huko, na kata kama Kitura zikabaki Mbinga. Hata hivyo watu wa Mbinga hawakuacha kushuka ziwani kwa biashara ya samaki na mazao. Barabara ya lami kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ina urefu wa kilomita 66 hivi, na kwa sababu hiyo siku hizi ni rahisi mtu asiyejua kuogelea kujikuta amekaa ndani ya mtumbwi saa chache tu baada ya kutoka nyumbani. Makala hii inaeleza jinsi chombo hiki kinavyotengenezwa, kinavyotunzwa na kinavyotumiwa kwa usalama.

Umbo

Mtumbwi wa Nyasa hutambulika kwa mdomo wake mwembamba. Mchongaji huacha mbavu zijikunje kuelekea ndani, hivyo uwazi wa juu ni mdogo kuliko upana wa tumbo la chombo. Mvuvi hukaa juu ya kingo na kuingiza miguu ndani. Mgeni huona ni ukaaji wa shida, lakini una maana: wimbi likipiga ubavuni, maji mengi huteleza nje badala ya kuingia. Kasoro yake ni kwamba uzito wa mwendeshaji unakuwa juu, hivyo chombo huyumba kwa urahisi na kinahitaji mtu aliyezoea. Watoto wa ufukoni huanza kujifunza wakiwa wadogo, kwenye maji ya magoti.

Mitumbwi ni ya kale sana barani Afrika. Ule wa Dufuna, uliofukuliwa kaskazini mashariki mwa Nigeria baada ya kugunduliwa mwaka 1987, una umri wa miaka 8,000 hivi na urefu wa mita 8 na kitu.

Kuchonga

Mti unaofaa ni mnyoofu, mnene, usio na mafundo mengi, na mbao yake haiozi upesi majini. Mninga (Pterocarpus angolensis) na mkangazi (Khaya anthotheca) husifiwa kwa sifa hizo. Miti mikubwa ya namna hiyo imepungua, na mahali pengi watu hutumia miti laini zaidi. Kwenye pwani ya Bahari ya Hindi mwembe umekuwa mti wa kawaida wa mitumbwi kwa muda mrefu.

Kazi huanzia msituni pale mti ulipoangushwa, kwa sababu gogo zima ni zito mno kuvutwa. Fundi hukata ncha mbili kwa shoka, hulainisha upande wa chini, kisha hufungua mdomo na kuanza kutoa nyama ya ndani kwa tezo. Chombo kikishakuwa chepesi kiasi, watu hukusanyika kukivuta kwa kamba juu ya magogo ya kuviringika hadi ufukoni, na huko fundi hukimalizia. Sehemu ngumu ni unene. Chini huachwa nene zaidi kuliko mbavuni, kwa kuwa uzito ulio chini hukituliza chombo na ndio unaosuguana na mchanga kila siku. Mbavu hupunguzwa taratibu huku fundi akizigonga na kusikiliza mlio. Akizidisha pigo moja mahali pembamba, kazi ya wiki nzima inakuwa na tundu.

Kutunza

Adui wa kwanza wa mtumbwi ni jua kuliko maji. Mbao iliyolowa ikikaushwa haraka hupasuka, na mipasuko huanzia kwenye ncha, ambako nyuzi za mti zimekatwa. Ndiyo maana mtumbwi usiotumika huwekwa kivulini au hufunikwa kwa nyasi, na wengine huuachia maji kidogo ndani. Mtumbwi mpya unahitaji uangalizi zaidi kuliko wa zamani.

Ufa mdogo huzibwa kwa kalafati, yaani pamba au nyuzi zinazosindiliwa kwa patasi butu, kisha lami hupakwa juu yake. Ufa mkubwa hufunikwa kwa kipande cha bati kilichopigiliwa misumari midogo juu ya kitambaa chenye lami au kipande cha mpira. Bati hilo lichunguzwe kila wiki: misumari ikilegea, maji hupita chini yake bila kuonekana, na mbao huoza kwa siri. Njia rahisi ya kupima ni kuchoma kwa ncha ya kisu. Mbao nzima hukataa kisu, iliyooza hukipokea. Mtumbwi uliooza sehemu ya chini haufai kuvushia watu hata kama bado unaelea vizuri karibu na ufuko.

Kabla ya safari huangaliwa vitu vichache tu: kafi ya ziada, kopo la kutolea maji lililofungwa kwa kamba ili lisielee na kwenda zake, na kamba ndefu iliyofungwa mbele ya chombo.

Mzigo

Hapa ndipo ajali nyingi huanzia, na hesabu yake ni ya fizikia ya sekondari. Kwa kanuni ya Archimedes, chombo huzama hadi kiwe kimesukuma maji yenye uzito sawa na wake pamoja na mzigo. Tuchukue mtumbwi ambao eneo lake kwenye usawa wa maji ni mita za mraba 2. Kila ukiushusha sentimita 1, unasukuma lita 20 za maji, sawa na kilo 20. Basi mtu wa kilo 60 huushusha sentimita 3, na magunia matatu ya mahindi ya kilo 100 kila moja huushusha sentimita 15.

Ikiwa ukingo ulikuwa sentimita 25 juu ya maji kabla ya magunia hayo, sasa umebaki 10. Kwenye maji tulivu ya asubuhi hizo 10 zinaonekana kutosha, na wenye mizigo hupenda kusema hivyo. Wimbi la nusu mita halitakubaliana nao.

Maji yaliyoingia ni mabaya kuliko mzigo wa uzito uleule. Gunia hubaki mahali lilipowekwa, lakini maji hukimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi. Kwa hiyo maji hutolewa mapema yakiwa bado kidogo, na mzigo hulazwa chini kabisa na katikati. Abiria wakae sakafuni wala wasihame upande mmoja kwa pamoja, hata kumpisha mtu kushuka. Kusimama ili kuona mbele ni kosa la kawaida la wageni.

Upepo na mawimbi

Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita 560 hadi 580, upana usiozidi kilomita 75 hivi, na kina cha juu cha takriban mita 700. Umbo hilo refu, kutoka kaskazini hadi kusini, ndilo linalolifanya liwe kali. Nguvu ya wimbi hutegemea kasi ya upepo, muda unaovuma na umbali wa maji unaopita juu yake. Upepo wa kusini-mashariki, ambao kwa upande wa Malawi huitwa mwera, huvuma kwa nguvu hasa kati ya Mei na Agosti. Ukiandama urefu wa ziwa, hupata umbali wa mamia ya kilomita za kukuza mawimbi. Hivyo bahari ndogo inaweza kuchafuka Mbamba Bay hata upepo wa pale penyewe ukiwa bado wa wastani, maana mawimbi yametoka mbali.

Katika msimu wa mvua hatari ni ya namna nyingine: dhoruba za ghafla zenye radi. Mtu aliye katikati ya maji ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyomzunguka, na wingu jeusi lenye mngurumo ni sababu ya kutosha kurudi ufukoni. Lisichanganywe na mawingu yanayofanana na moshi yanayosimama juu ya ziwa. Hayo ni makundi ya visubi wadogo, ambao kaskazini mwa ziwa na huko Malawi hukusanywa, hupondwa na kuliwa.

Usiku ardhi hupoa haraka kuliko maji, na upepo hushuka kutoka milimani kwenda ziwani. Wavuvi wa usipa, wanaovua kwa taa gizani, husaidiwa nao wakati wa kutoka. Upepo huohuo humpeleka mbali mtu aliyepoteza kafi. Mwenye mtumbwi husafiri kwa kuambaa ufuko ili apate pa kuingilia. Ghuba za Mbamba Bay na Liuli zina hifadhi nzuri. Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake, na meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo iliposhambuliwa na Waingereza mnamo Agosti 1914. Midomo ya mito kama Ruhuhu haifai kwa mapumziko, kwa sababu ya mamba na viboko.

Chombo kikipinduka

Mbao ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo mtumbwi wa miti mingi uliojaa maji hauendi chini. Kanuni ya kwanza ni kubaki nao. Ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo, na anayeuacha mtumbwi akaogelea huchoka kabla ya kufika, wakati kitu kikubwa kinachoelea huonekana na waokoaji kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu. Wazoefu huugeuza, huutikisa mbele na nyuma ili maji yamwagike, kisha mmoja huingia kwa upande wa nyuma na kutoa yaliyobaki wakati wengine wanaushikilia.

Maji ya juu ya ziwa yana joto la nyuzi 23 hadi 28 za Selsiasi. Si baridi ya kuua kwa dakika, lakini saa nyingi usiku, pamoja na upepo, humaliza nguvu za mikono. Jaketi okozi humsaidia mtu ambaye hawezi tena kushika. Lisipovaliwa kabla ya kuondoka, kulivaa ndani ya mawimbi ni vigumu mno, na lililokaliwa kama mto wa kiti ni sawa na halipo.

Sheria

Usalama wa vyombo vya majini Tanzania husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017. Uvuvi unahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na kukata mti wa mninga kunahitaji kibali cha misitu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi ziwani, ambao husikika redioni.

Kayaki ya kukunja

Kayaki ya kukunja ni jamaa wa mbali wa mtumbwi. Ina kiunzi cha mbao au aluminiamu na ngozi ya turubai na mpira. Mjerumani Alfred Heurich aliibuni mwaka 1905, na Johann Klepper wa Rosenheim akanunua haki ya kuitengeneza mwaka 1907. Nusu mbili za kiunzi huingizwa ndani ya ngozi, moja mbele na moja nyuma, kisha huunganishwa katikati na kubanwa hadi ngozi ikaze, mataruma hufuata. Mchanga uliobaki kati ya kiunzi na ngozi huikwangua kila inapopigwa kafi, hivyo husafishwa kabla ya kukunjwa, na ngozi hukaushwa kabisa isije ikaota ukungu. Tofauti na gogo, kayaki iliyojaa maji haina uhakika wa kuelea bila mifuko ya hewa.

Mwaka 1950 na 1951 John Goddard wa Marekani na wenzake wawili Wafaransa, Jean Laporte na André Davy, waliufuata mto Naili kwa kayaki kutoka vyanzo vya Kagera hadi Bahari ya Mediteranea. Daktari Mjerumani Hannes Lindemann alivitumia vyombo vyote viwili: mwaka 1955 alivuka Atlantiki peke yake kwa mtumbwi wa gogo uliochongwa Liberia, na mwaka 1956 akavuka tena kwa kayaki ya kukunja kwa siku 72. Kayaki hiyo ilipinduka njiani, naye akaokoka kwa kuling'ang'ania tumbo lake usiku hadi kulipokucha.