Msimulizi Mchanga Asiachwe Peke Yake

Uko mchezo wa mezani usiohitaji karata wala bao. Mmoja husimulia: "Mmefika mtoni, daraja limevunjika. Mwafanyaje?" Wenzake, kila mmoja akijifanya mtu fulani wa hadithi, hujibu, na jambo la bahati huamuliwa kwa dadu. Msimulizi huyo ndiye kiongozi wa mchezo.

Je, kazi hiyo hujifunzwaje? Tazama ilivyoanza huko Marekani. Mwaka 1969 David Wesely aliongoza mchezo wa namna hiyo katika Minnesota. Dave Arneson, mmoja wa wachezaji wake, akaanzisha wake, Blackmoor, mwaka 1971. Kisha akamwonyesha Gary Gygax, na mwaka 1974 wakatoa Dungeons & Dragons. Basi Arneson na Gygax, wote wawili, walikaa kwanza mezani kwa mwingine.

Nawe uliye mzoefu, mkaribishe mwanafunzi vivyo hivyo. Halafu mpe hadithi fupi ya jioni moja, na wachezaji watatu au wanne. Akisahau kanuni, usimsahihishe mbele ya watu. Aamue, mchezo uendelee, kitabu mtakitazama baadaye. Anapouliza, uwe wa kwanza kujibu, maana kimya humvunja moyo. Mwisho mwambie kwanza lililopendeza, ndipo umtajie moja tu la kurekebisha.

Anayeaibishwa siku ya kwanza huenda asirudi, na pasipo msimulizi hakuna mchezo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.