Kijana wa Miaka 15 Naye Hulelewa

Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo niliisikia mara nyingi mwaka 2023, nilipowaambia majirani zangu hapa Nakuru kwamba nataka kumlea kijana wa miaka 15 kutoka makao ya watoto.

"Mbona usichukue mtoto mchanga?" waliniuliza. "Huyo amekwisha kukauka. Ukimkunja atavunjika."

Ulezi wa kambo, msomaji, si sawa na kuasili mtoto. Kijana hubaki na jina lake na ukoo wake, na jamaa zake wakipatikana na kuonekana wanafaa, huenda akarudi kwao. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeuwekea ulezi huu utaratibu, na kwa ndugu zetu Waislamu inatambua kafala. Afisa wa watoto alikuja kwangu, akakagua chumba, akaniuliza juu ya afya na riziki yangu. Polisi nao wakanipa hati ya mwenendo mwema.

Kazi hasa ilianza kijana alipoingia nyumbani. Kule alikotoka kila jambo lilikwenda kwa kengele. Kwangu alikuwa akisimama mlangoni pa jikoni, akingoja aambiwe aketi.

Juma la tatu nilimpa shilingi 500 akanunue unga na sukari. Saa moja ikapita, kisha ya pili. Jirani akatikisa kichwa. Kijana alipotokea nilimkemea hata kabla hajatua mzigo. Alinyamaza, akaweka chenji mezani, kamili. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba dukani unga ulikuwa umekwisha, naye akaenda kwa miguu hadi sokoni, kwa kuwa aliogopa kurudi mikono mitupu.

Kwetu si desturi mtu mzima kumwomba mtoto radhi. Usiku ule nilimwomba. Asubuhi, kwa mara ya kwanza, nilimkuta ameketi jikoni, amejipikia chai bila kungoja ruhusa.

Wazazi wenzangu, methali ya wazee siipingi. Lakini kijana huyu hakuhitaji kukunjwa. Alihitaji kuaminiwa, na aliyehitaji kufunzwa hapo alikuwa mimi. Mwenye nafasi nyumbani na aende kwa afisa wa watoto akaulize. Wachanga huulizwa na wengi. Hawa wanaoanza kuota ndevu ndio wanaokaa wakingoja.