Samaki wa Stanleyville

Watoto wengi wa Kisangani humjua dinosauri kwa njia ya katuni na simu ya mzazi. Mifupa yenyewe iko mbali. Iguanodoni waliogunduliwa mwaka 1878 katika mgodi wa Bernissart, Ubelgiji, wamesimama Brussels. Yule mkubwa wa Tendaguru, Lindi, Tanzania, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, yuko Berlin. Wapo pia waliokuja kwetu kumtafuta aliye hai: mtafiti Roy Mackal alipita vinamasi vya Likouala, ng'ambo, Kongo-Brazzaville, mwaka 1980 na 1981, akimsaka Mokele-mbembe. Hakurudi na hata jino.

Hata hivyo Kisangani ina viumbe wake wa enzi za dinosauri, nao ni samaki. Kandokando ya Lualaba, kuelekea Ubundu, kuna matabaka ya tope la ziwa la Jurasiki lililogeuka jiwe. Wakoloni waliyaita matabaka ya Stanleyville, jina la zamani la Kisangani, na mwaka 1955 Pierre de Saint-Seine alichapisha kitabu kizima juu ya samaki wake. Visukuku vyenyewe viliishia katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, kama ilivyokuwa desturi.

Mmoja wao ni Lepidotes. Magamba yake ni mazito, ya pembe nne, yamepangana kama vigae, na juu yana utando mgumu unaong'aa hata sasa. Mtoto anayetaka kuyaelewa aende sokoni na mama yake, amtafute Polypterus, yule samaki mrefu mwenye msururu wa mapezi madogo mgongoni. Si mjukuu wa Lepidotes, ni wa ukoo mwingine wa kale, lakini gamba lake limeundwa kwa namna ileile. Apitishe kidole kutoka mkiani kwenda kichwani, ataelewa kuliko kwa kusoma kibao cha maelezo.

Kwa hiyo sioni haja ya kuagiza dinosauri wa plastiki anayenguruma kwa betri, hasa umeme ukikatika. Chuo Kikuu cha Kisangani kina Kituo cha Ufuatiliaji wa Bioanuwai, ambako wanyama wa leo tayari wanahifadhiwa na kuchunguzwa. Mwaka 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta Kinshasa barakoa ya Kakuungu kutoka Tervuren, kwa mkopo. Samaki wa jiwe wengi ni wadogo kuliko barakoa ile. Chuo nacho kiombe samaki wachache kwa mkopo, au hata nakala zao za plasta, na kiwaweke juu ya meza fupi inayofikiwa na mtoto wa miaka sita.