Stesheni ya Kigoma, Mwisho wa Reli

Mtu atokaye Kasulu akishuka Kigoma hukuta karibu na ziwa jengo kubwa jeupe, la ghorofa, lenye matao. Ndiyo stesheni. Wengi huiona kuwa ni nyumba ya kungojea gari tu, nao hupita wakihesabu mizigo yao. Lakini mbona nyumba kubwa namna hii ilijengwa mahali ambapo zamani palikuwa kijiji cha wavuvi?

Wadachi waliianza reli hii Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Tabora 1912, na Kigoma 1914, mwendo upatao kilometa 1,250. Mji mashuhuri ziwani ulikuwa Ujiji, wala si Kigoma. Ila Kigoma ina ghuba yenye kina, iliyokingwa na vilima, nayo yafaa meli kuliko pwani ya Ujiji. Basi reli ikafuata maji mazuri, na mji ukafuata reli. Tena wenye reli walitazamia shehena za Kongo, ng'ambo ya ziwa, wakajenga kwa kadiri ya matumaini yao. Hawakuyafaidi. Mwaka ule ule vita vikaanza, na mwaka 1916 Wabelgiji wakautwaa mji.

Hao Wabelgiji nao hawakuondoka kabisa. Mwaka 1921 Waingereza waliwapa sehemu ya bandari ya Kigoma, na nyingine Dar es Salaam, wapitishe mizigo ya Kongo, wakae milele kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Hata jogoo hapatikani kwa bei hiyo. Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Julius Nyerere alikataa neno lile "milele", akisema kuwa halipatani na nchi inayojitawala.

Kwetu Kasulu reli haikupanda. Hata hivyo mlango wa stesheni ile twaujua sana, kwa kuwa Waha wengi walishuka vilimani kwa miguu wakapanda gari hapo kwenda kukata mkonge mashambani, hata Tanga, wakaitwa manamba. Wako waliorudi na nguo na fedha kidogo, wako wasiorudi. Mwanafunzi ambaye babu yake alisafiri hivyo, na aulize nyumbani ilichukua siku ngapi kufika stesheni, na walilala wapi njiani, kisha ayaandike katika daftari lake.