Hitilafu za Umeme wa Taa katika Mabweni ya Vijijini: Utaratibu wa Kutafuta Chanzo, kwa Kurejelea Idodi, Iringa

Mwezi Agosti 2009 moto uliteketeza bweni la wasichana katika Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, na wanafunzi 12 wakapoteza maisha. Taarifa zilizotolewa wakati huo zilitaja mshumaa uliokuwa ukitumika kujisomea usiku kuwa chanzo cha moto huo. Majanga ya namna hii huchunguzwa zaidi kwa upande wa majengo: nondo za madirisha, idadi ya milango, msongamano wa vitanda. Makala hii inaangalia hatua inayotangulia moto, yaani giza linalomfanya mwanafunzi atafute mshumaa. Haidaiwi hapa kwamba taa za bweni hilo zilikuwa na hitilafu za aina zitakazoelezwa. Linalodaiwa ni kwamba bweni ambalo taa zake haziwaki huingia mishumaa hata pale kanuni zinapoikataza, na kwa sababu hiyo kutambua mapema kwa nini taa imezimika ni sehemu ya kinga dhidi ya moto.

Idodi iko kando ya barabara itokayo Iringa mjini kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, katika ukanda wa chini wenye joto kali kuliko nyanda za Iringa. Maji ya Mto Ruaha Mdogo unaopita mjini Iringa huungana na Ruaha Mkuu na kufika katika mitambo ya Mtera na Kidatu, ilhali vijiji vingi vya bonde hilo vimeishi muda mrefu kwa vibatari. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uundwe kwa sheria ya mwaka 2005, gridi imesogea vijijini, lakini taasisi nyingi bado hutumia sola, ama peke yake ama pamoja na gridi. Mifumo hiyo miwili huharibika kwa namna tofauti, na fundi aliyezoea mmoja hupotea kirahisi katika mwingine.

Kwa umeme wa gridi wa volti 230, swali la kwanza ni jepesi mno kiasi cha kusahaulika: je, mita ya LUKU ina yuniti? Likishajibiwa, huangaliwa kama giza ni la chumba kimoja au jengo zima, kwani jibu hilo hupunguza eneo la kutafuta kabla ya kifaa chochote kufunguliwa. Testa ya bisibisi inayotumiwa na mafundi wengi huonyesha tu kwamba waya una moto; haionyeshi kama njia ya kurudi ni nzima. Nyutro ikikatika, na swichi ikiwa imewashwa, testa huwaka hata upande wa nyutro wa holda. Fundi asiyejua jambo hili hubadilisha balbu tatu bila mafanikio. Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine ya kipimo kilekile baada ya sababu kujulikana. Desturi ya kuweka kipande cha waya mahali pake hurudisha mwanga, lakini huondoa kinga pekee iliyokuwapo, na hivyo humwondolea mwanafunzi mshumaa na kumpa hatari nyingine ya moto iliyojificha ukutani.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika sola ya volti 12. Hapa kosa la kawaida ni kupima taa zikiwa zimezimwa. Pasipo mkondo, volti haipotei katika waya, hivyo mita husoma vizuri mwisho wa saketi hata kama kiungo kimelegea au kimeshika kutu. Upimaji wenye maana hufanywa taa zote zikiwa zimewashwa.

Mfano wa hesabu unaonyesha sababu. Bweni lina taa nne za wati 12 kila moja, zote zikiwa mwisho wa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unaotoka mita 20 kwenye betri. Mkondo ni takribani ampea 4. Urefu wa kwenda na kurudi ni mita 40, wenye ukinzani wa karibu omu 0.46. Volti inayopotea njiani ni 1.8 hivi, na taa hupata kama volti 10 badala ya 12. Baadhi ya taa za LED hufifia, nyingine humeta, nyingine hukataa kabisa kuwaka, na lawama humwangukia muuzaji wa balbu. Waya wa milimita za mraba 4 ungepunguza upotevu huo hadi karibu volti 0.7. Mzigo uleule kwa volti 230 huhitaji mkondo wa ampea 0.2 tu, na upotevu wake hauonekani. Ndiyo maana waya uliofaa katika nyumba ya gridi haufai kuhamishiwa kwenye sola bila hesabu.

Upimaji basi huanzia kwenye betri na kufuata waya kuelekea taa, ukilinganisha volti kabla na baada ya kila kiungo: vituo vya betri, fyuzi, kidhibiti chaji, swichi, holda. Mahali ambapo volti inashuka ghafla ndipo penye hitilafu.

Betri yenyewe huhitaji uvumilivu. Betri ya risasi na asidi iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma kama volti 12.7, ikisoma 12.2 imebaki na takribani nusu. Betri inayoonyesha 12.6 asubuhi na kuanguka chini ya 11.5 dakika chache baada ya taa kuwashwa imekufa, hata kama kidhibiti chaji kinaonyesha kwamba imejaa. Joto huharakisha kifo hicho: kwa kanuni ya jumla, kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hupunguza maisha ya betri kwa karibu nusu. Katika ukanda kama wa Idodi, kuiweka betri chini ya bati lisilo na dari ni kuifupishia miaka. Vumbi juu ya paneli huongeza tatizo kimyakimya, kwani betri isiyojaa siku baada ya siku hujenga salfeti katika bamba zake na kupoteza uwezo.

Matengenezo huthibitishwa usiku, wakati mzigo halisi upo. Volti hupimwa kwenye taa ya mbali zaidi mara zinapowashwa, kisha hupimwa tena muda mfupi kabla ya saa ya kulala, na tarakimu zote mbili huandikwa katika daftari linalokaa kwa matroni, karibu na taa ya betri kavu ya akiba.