Dawa ya mionzi haiambukizi

Mama yangu mdogo alirudi kutoka hospitali na kovu shingoni. Alikuwa ameondolewa tezi yenye saratani, kisha akamezeshwa kidonge na kukaa siku kadhaa katika chumba cha peke yake. Nyumbani aliambiwa alale peke yake na asipakate wajukuu kwa muda. Haukupita muda, jirani mmoja akawa anamsalimia akiwa ng'ambo ya barabara. Mtaani ikasemwa ana ugonjwa wa kuambukiza.

Ndugu msikilizaji, kidonge kile kilikuwa cha ayodini, yaani madini joto, yale yale yanayotiwa kwenye chumvi ili watu wasiote rovu. Tofauti ni kwamba haya yana mionzi. Tezi ya shingo huyavuta kutoka kwenye damu kutengenezea homoni zake, na haiwezi kutofautisha yenye mionzi na ya kawaida. Mwaka 1936 daktari wa Boston, Saul Hertz, alimwuliza mwanafizikia Karl Compton kama ayodini inaweza kufanywa iwe na mionzi. Mwaka 1941 Hertz akamtibu mgonjwa wa kwanza, ambaye tezi yake ilifanya kazi kupita kiasi. Saratani ya tezi ikafuata miaka hiyo hiyo ya 1940.

Tezi ikishakatwa, mbegu za saratani zilizobaki, hata zilizokimbilia kwenye mapafu, mara nyingi bado zina uchu wa madini joto. Zinayameza, nayo yanaziua kwa mionzi isiyofika mbali, milimita moja au mbili tu ndani ya nyama. Mionzi ya aina nyingine hutoka nje ya mwili. Hiyo hunaswa na kamera, daktari akaona saratani imejificha wapi. Hiyo hiyo ndiyo iliyowanyima wajukuu mapaja ya bibi yao.

Aliyekaa karibu na mgonjwa ni kama aliyekaa karibu na jiko: hupata joto, lakini akiondoka hachukui moto kwenda nao kwake. Kinachobeba dawa yenyewe ni mkojo, mate na jasho. Kwa hiyo mgonjwa hunywa maji mengi, huvuta maji ya choo mara mbili na hutenga kijiko chake.

Nguvu ya ayodini hii, inayoitwa 131, hupungua nusu kila siku 8. Siku ya 16 imebaki robo, hata kama ingefungiwa kabatini. Nakiri kwamba nilimwomba mama mdogo asogeze safari ya hospitali wiki moja kwa ajili ya harusi. Nilijibiwa kwamba dawa yake imeagizwa kwa siku ile na haiwekwi akiba.

Saratani nyingine nyingi hazina habari na madini joto, hivyo msikimbilie kidonge hiki. Kwa ya tezi dume iliyosambaa, wataalamu hufunga lutesiamu 177 kwenye kemikali inayonata kwenye seli zake. Marekani iliidhinisha dawa ya namna hiyo mwaka 2022.

Siku mama mdogo aliporuhusiwa, mjukuu wa mwisho alimrukia kabla hajakaa. Yule jirani alichukua mwezi mwingine mzima kuvuka barabara.