Tanga juu ya keria: Ni ziwa lipi la bara linafaa ubao?

Agosti ikifika, mbogi nyingi za Nairobi huwa na fomu moja tu: kuteremka Pwani. Wapenzi wa mchezo wa ubao na tanga, ule ambao wenyewe huuita windisafingi, wana sababu zaidi ya kushuka. Kusi linavuma, na Diani utapata vifaa vya kukodi pamoja na mwalimu wa kukuonyesha jinsi ya kusimama. Lakini piga hesabu ya nauli, vyumba na chakula, uone kitakachobaki kwenye M-Pesa. Ndipo mtu anafungua ramani, anaona maziwa yamejipanga Bonde la Ufa, la karibu likiwa kama kilomita 90 tu kutoka jijini, na kujiuliza: kwani huku hakuna upepo?

Upo, tena wa kutosha. Kinachofanya ziwa likufae au likukatae ni kilichomo majini na mahali unapoingilia.

Upepo wa ziwa, tofauti na kusi, hufuata saa. Jua likipasha ardhi, hewa ya nchi kavu hupanda na ile baridi ya juu ya maji huja kujaza nafasi yake. Kwa hiyo asubuhi maji hulala kama kioo, halafu kuanzia saa saba au nane mchana tanga linaanza kushika. Wazungu wanaoendesha magari hadi ziwa Garda, Italia, kila kiangazi wanaijua ratiba hiyo. Upepo wao wa alasiri wameupa hata jina, Ora. Anayejifunza anahitaji upepo wa kilomita 15 hadi 20 kwa saa. Ukitaka ubao uruke juu ya maji, subiri upite 25.

Sasa tufute majina kwenye ramani. Nakuru liko ndani ya mbuga ya taifa, na Bogoria ni hifadhi yenye chemchemi zinazotokota. Elementaita ni la chumvi, maji yake ni ya kina kifupi, na ni makao ya ndege. Yote matatu yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011. Nenda na kamera, ubao uache nyumbani.

Naivasha ndilo la kuanzia. Maji ni baridi na hayana chumvi, barabara ni ya lami, kambi za kulala hema ziko tele upande wa kusini, na watu wamekuwa wakiendesha mashua za tanga huko kwa miaka mingi. Ila kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: ziwa hili liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi kuliko ya Diani kwa takriban asilimia 17, kwa hivyo upepo wa kasi ileile unasukuma kwa nguvu ndogo. Kama Pwani unatumia tanga la mita 6 za mraba, huku beba la 7, la sivyo utasimama majini ukidhani programu ya simu imekudanganya.

Halafu kuna viboko. Mchana hujificha kwenye maji ya kina kifupi, hasa kandokando ya mafunjo, na mmoja anaweza kuzama dakika tano bila wewe kujua yuko. Usiingie ziwani kabla ya kuzungumza na vijana wa mashua. Wao wanajua kundi limelala wapi leo. Walipe wakufuate kwa boti ya injini; hiyo ndiyo pesa ya maana kuliko zote utakazotumia safari hiyo. Ikikaribia magharibi toka majini, kwa sababu viboko nao wanatoka kwenda malishoni, na njia yao inaweza kuwa papo hapo ulipoegesha.

Baringo nitalipita haraka. Lina viboko na mamba, na tangu maji yalipopanda miaka ya karibuni, chini kuna visiki, nyua na mapaa ya nyumba yanayosubiri pezi la ubao wako. Huko panda boti ya wenyeji utazame ndege.

Kwa upepo mtupu, hakuna wa kushindana na Turkana. Si bure kwamba mitambo 365 ya umeme wa upepo ilisimamishwa karibu na Loiyangalani. Lakini tazama unakoelekea: upepo huo hutoka kusini mashariki, na Loiyangalani iko ufuo wa mashariki. Maana yake unavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mlingoti ukivunjika, hurudi. Unasukumwa katikati ya ziwa lenye mamba wengi. Eliye Springs, ufuo wa magharibi, upepo unakurudisha nchi kavu, ila mamba ni walewale, na kutoka Nairobi ni zaidi ya kilomita 600. Kwangu mimi, hilo ni la watu waliobobea wenye boti ya uokoaji kando. Mbogi ya wikendi, hapana.

Linabaki Victoria. Kisumu mjini si pazuri sana kwa ubao: upepo wa alasiri husukuma gugumaji kuelekea ufuoni, na ulipoingilia pakiwa wazi saa sita unaweza kurudi saa tisa ukute zulia la kijani. Songa hadi Mbita na Rusinga, kwenye maji mapana. Wavuvi wa tanga walikuwa wakitoka na upepo wa nchi kavu alfajiri na kurudi na wa ziwa alasiri, kwa hiyo mzee yeyote ufuoni atakuambia mengi kuliko simu yako. Pitia ofisi ya BMU, jitambulishe, uliza kuhusu viboko na mamba. Ukiona wingu jeusi au kusikia radi, toka. Mlingoti wako ndio kitu kirefu kuliko vyote hapo.

Na kuna kichocho. Konokono wanaokibeba hupenda maji tulivu yenye majani, na vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali, vikapenya ngozi ndani ya dakika chache. Epuka vichaka vya ufuoni. Omba boti ikupeleke mbali, upandie ubao kwenye maji wazi. Hata ukifanya hivyo, ukirudi Nairobi weka tarehe kwenye kalenda, kama wiki nane mbele, uende hospitali ukapimwe. Kikipatikana, dawa yake ni vidonge, na kwa kawaida humezwa siku moja tu.